Batri bila kobalti, pa muji wa kobalti



Leo tuanze na swali la garaji, historia itakuja yenyewe.

Tuseme kuko kijana mumoja hapa kwetu Panda. Amemaliza masomo ya elektromekanika, diploma iko mu kabati, kazi haijaonekana. Mu lupango ya baba yake kuko motoka ndogo ya Kijapani imelala miaka mingi: bodi nzima, breki zinashika, injini njo ilikufa. Kijana anasema: kuliko kutafuta injini ingine iliyochoka, niondoe hii, niweke mota ya umeme. Mota na kontrola anaweza kuagiza. Vyuma vya kuishikilia atachomelea mwenyewe. Kinabakia kile kitakachokula pesa kuliko vyote: batri. Anunue batri gani, na pesa yake ni kidogo?

Nitajibu sasa hivi, sababu nitaeleza kisha. Kwa motoka ya kutembea mjini, kwa mtu mwenye pesa kidogo lakini anayehesabu mbali, batri nzuri leo ni ya lithiamu, chuma na fosfati, ile mafundi wanaita LFP. Ndani yake kuko lithiamu, kuko chuma, kuko fosfati. Kobalti? Hapana, hata gramu moja.

Sasa tusimame hapo kidogo. Sisi ni bana Likasi. Inchi yetu inachimba zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti yote ya dunia, na mingi inatoka mu udongo huu wa Haut-Katanga na Lualaba. Kila siku, ku redio na mu hotuba, tunaambiwa kwamba motoka za umeme haziwezi kutembea bila sisi. Na huyu mwana wa Panda, akikaa na kalamu na karatasi, anachagua batri isiyo na kobalti. Je, ametusaliti? Hapana. Amefanya hesabu. Na hesabu ileile, mu kitabu kikubwa zaidi, dunia imekwisha kuifanya mara mbili juu ya kobalti yetu. Hiyo njo historia ninataka tuisome pamoja.

1. PANDA YA MATANURU

Tunapenda kusimulia Shinkolobwe na bomu. Tunapenda kusimulia Jadotville na askari wa Ireland waliozingirwa mu Septemba 1961. Kobalti ya Panda haisimuliwi sana, na ni hapa hapa.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, na kilichoileta ni shaba. Kobalti ilikuja imejificha ndani ya mawe ya shaba, kama mgeni anayepita bila tiketi. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ikaona kwamba mgeni huyo naye ana bei. Hapa Panda mawe yenye shaba na kobalti yaliyeyushwa mu tanuru za umeme, zikatoka aloi mbili: nyekundu yenye shaba mingi, na nyeupe yenye kobalti mingi. Aloi nyeupe ilipanda treni, ikapanda meli, ikaenda kumaliziwa Olen, kule Ubelgiji. Jirani yetu Shituru alianza kusafisha shaba kwa umeme mu 1929, na mu 1930 barrage ya Mwadingusha, ku mto Lufira, ikaanza kutoa nguvu.

Mu miaka ile kobalti haikuwa ya batri za motoka. Ilikuwa ya rangi ya bluu, ya vyuma vigumu vinavyokata vyuma vingine, ya sumaku, na baadaye ya vipande vya injini za ndege vinavyovumilia moto mkali.

Motoka za umeme zilikuwako tayari, msidhani ni jambo la juzi. Batri ya risasi na asidi (nasema risasi ile ya madini, si ya bunduki) ilitengenezwa na Mfaransa Gaston Planté mu 1859. Mtu wa kwanza kupita kilomita 100 kwa saa mu motoka alikuwa Mbelgiji, Camille Jenatzy, karibu na Paris, tarehe 29 Aprili 1899. Motoka yake, La Jamais Contente, ilikuwa ya umeme, ikitembea na batri za risasi. Mbio ilikuwa kilomita 105.88 kwa saa. Lakini batri ile ilikuwa nzito sana, na ilimalizika haraka. Halafu mu 1912 Cadillac ikaweka starta ya umeme mu motoka ya esansi, watu wakaacha kuzungusha injini kwa mkono. Ona mambo: starta hiyo ilipata nguvu ku batri ya risasi. Batri yenyewe njo ilisaidia kuua motoka ya umeme.

Likasi yenyewe ilipata njia ingine. Mu 1952 reli ya BCK kati ya Jadotville na Tenke ilianza kutumia umeme, moja ya njia za kwanza duniani kutumia ule umeme wa kawaida wa viwanda, wa hertzi 50, moja kwa moja ku treni. Bazee wetu walipanda kitu cha umeme miaka zaidi ya 70 iliyopita. Treni ile haikubeba batri ya kuisukuma, ilikunywa ku waya. Mwenye waya hana shida ya batri. Shida inaanza pale unataka kuacha waya na kwenda unapotaka.

2. MARA YA KWANZA: KOLWEZI, 1978

Tarehe 13 Mei 1978, waasi wa FNLC waliingia Kolwezi wakitokea upande wa Angola kupitia Zambia. Tarehe 19, askari wa Ufaransa waliruka kwa miavuli juu ya muji. Watu wengi walikufa, weusi na weupe. Ninyi mulio na bazazi wa Kolwezi mumesikia hayo nyumbani kuliko mu kitabu.

Ku soko la dunia hofu ilikuwa ya namna ingine. Zaire ilikuwa mama wa kobalti wakati ule. Uchimbaji haukusimama muda mrefu, lakini soko halikungoja kuona. Bei ya wazalishaji, iliyokuwa karibu dola 7 kwa paundi, ilipanda hadi dola 25 mwanzoni mwa 1979, na mikononi mwa wachuuzi ilipita hapo. Kuko kobalti iliyosafirishwa kwa ndege, kitu ambacho hakuna mtu anafanya na jiwe kama hajapata wazimu au hofu.

Mu kichwa cha mtu wa Kinshasa, bei ya juu ni baraka. Mu kichwa cha mtu wa kiwanda cha Ujapani au Marekani, bei ya juu ni onyo. Sumaku nzuri za wakati ule zilikuwa na kobalti ndani. Wenye viwanda wakawaambia wahandisi: tutafutieni sumaku isiyotegemea Shaba. Miaka haikuwa mingi. Mu 1983 na 1984 vikundi viwili, cha Masato Sagawa ku Sumitomo kule Ujapani na cha John Croat ku General Motors kule Marekani, vilitoa sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Ilikuwa na nguvu kupita ile ya kobalti, na bei ndogo.

Sumaku hiyo haikurudi nyuma tena. Leo njo iko ndani ya mota za motoka nyingi za umeme. Somo la kwanza, tuliandike: bei ikipanda kwa sababu ya hofu, mununuzi anakulipa leo, na kesho anasoma namna ya kukukimbia.

3. KOBALTI INAPATA KAZI MPYA, LIKASI INAPOTEZA YA ZAMANI

Kati ya mambo hayo, mu 1980, mu maabara ya Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kushika umeme mingi mu nafasi ndogo. Akira Yoshino wa Ujapani akatumia jambo hilo kutengeneza batri salama zaidi mu 1985. Mu 1991 Sony ikaiingiza sokoni, ku kamera ndogo za video. Baadaye ikaingia mu simu na mu kompyuta ya mkononi. Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham walipata Nobel ya kemia mu 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97, hakuna aliyepata Nobel akiwa mzee kumushinda.

Mulinganishe tarehe hizo na zetu. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi ya Kolwezi, uliporomoka. Mu 1991, mwaka uleule wa batri ya Sony, kulikuwa uporaji mu miji ya inchi. Mu 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na maelfu walilala ku gare ya Likasi wakingoja treni. Kuko waliofia hapo hapo. Mu miaka hiyo ya 1990 Gécamines ilishuka mpaka haikufika hata sehemu moja ya kumi ya shaba iliyokuwa inatoa. Mu 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka mu mpango wa kuondoka kwa hiari. Hiari ile, mu nyumba mingi za Panda na Kikula, watu wanajua ilikuwa na sura gani.

Njo kusema, wakati kobalti ilipata kazi kubwa kuliko zote za maisha yake, sisi tuliokuwa tunaijua mu mikono tulikuwa tunapoteza kazi. Haikuwa mpango wa mtu. Lakini matokeo ni haya: ufundi wa batri ulikomaa Asia, na hapa kukabakia shimo na mchimbaji mwenye chepe.

4. MARA YA PILI: FOSFATI

Goodenough huyohuyo, akiwa sasa ku Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, alitoa na Akshaya Padhi mu 1997 makala juu ya kitu kingine: fosfati ya chuma na lithiamu. Umeme wake mu kilo moja ni kidogo kuliko wa kobalti. Lakini chuma ni rahisi na kiko kila pahali, na fosfati inashika oksijeni yake kwa nguvu. Njo maana batri hiyo haiwaki moto kirahisi, na inaweza kujazwa na kumalizwa mara elfu na elfu.

Kwa miaka mingi watu waliidharau: nzito, ya basi, ya pikipiki ndogo. Wachina hawakuidharau. Mu 2020 BYD ilitoa batri yake ya Blade, LFP iliyopangwa kama visu ndani ya sanduku, ili nafasi isipotee. Mu Oktoba 2021 Tesla ilitangaza kwamba motoka zake za masafa ya kawaida zitatumia LFP dunia nzima. Mu 2024, kwa hesabu ya Shirika la Kimataifa la Nishati, LFP ilikuwa karibu nusu ya soko lote la batri za motoka za umeme, na China peke yake karibu robo tatu.

Kwa nini waliharakisha? Tazama bei tena. Mu 2018 tani ya kobalti ilipita dola 90,000. Pamoja na bei hiyo zikaja picha za watoto mu mashimo, na kampuni kubwa hazikutaka jina lao lisomwe karibu na picha hizo. Bei na aibu vikasukuma upande mumoja. Wahandisi wakapunguza kobalti mu batri za nikeli, na wengine wakaiondoa kabisa. Mwanzoni mwa 2025 tani ilikuwa imeshuka mpaka karibu dola 21,000, kwa sababu pia migodi yetu ilikuwa inamwaga mingi sokoni.

Serikali ikafunga mlango: tarehe 22 Februari 2025 ilisimamisha kutoa kobalti inje kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, halafu kuanzia 16 Oktoba 2025 ikaweka viwango, tani 18,125 kwa miezi iliyobaki na tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vilevile 2027. Bei ilipanda. Ninaelewa sababu: kuuza mali kwa bei ya kutupa ni kuiba watoto wako mwenyewe. Lakini mwenye kusoma 1978 anajua swali linalofuata. Mhandisi gani, mu maabara gani, ameambiwa asubuhi hiyo: tutafutie kingine?

5. HESABU YA LUPANGO

Turudi sasa ku kijana wetu, kwa sababu hesabu yake njo inaonyesha yote hayo bila hotuba.

Motoka ndogo iliyobadilishwa nyumbani inakula karibu wati-saa 150 kwa kilomita, kama haina haraka. Tuseme kwa siku anatembea kilomita 40: Panda, katikati ya muji, Kikula, Shituru, kurudi. Hiyo ni kilowati-saa 6 kila siku.

Chaguo la kwanza ni batri ya risasi, ile inapatikana ku kila soko. Ukitaka idumu, usiimalize kupita nusu. Kwa hiyo unahitaji kilowati-saa 12 ili utumie 6. Kilo moja ya batri hiyo inabeba karibu wati-saa 35. Uzito: kilo 340 hivi. Ni kama watu watano wazima wamekwisha kupanda mbele ya abiria. Tena, mota ikivuta kwa nguvu, batri ya risasi inatoa kidogo kuliko kilichoandikwa ubavuni.

Chaguo la pili ni LFP. Unaweza kutumia 80 kwa mia bila kuiumiza. Seli 16 za volti 3.2, kila moja ya ampea-saa 150, zikipangwa mustari mumoja, zinatoa volti 51 na kilowati-saa 7.68. Uzito pamoja na sanduku: karibu kilo 70.

Sasa pesa. Bei ninazoweka ni za mfano, kila mtu aweke zile atapata kweli na ushuru wake ndani. Tuseme risasi ni dola 100 kwa kilowati-saa, LFP ni 200. Risasi: dola 1,200. LFP: karibu dola 1,540. Mtu mwenye dola 1,200 mu mfuko anasema, jibu ni risasi. Ngoja. Batri ya risasi, ukiitumia hivyo kila siku, tuseme itavumilia mara 400. Hiyo ni mwaka mumoja na mwezi mumoja hivi. LFP, tuseme mara 2,000, na nzuri zinapita hapo. Mu muda wa LFP moja, utanunua risasi mara tano: dola 6,000. Rahisi ni ghali, bazee walisema mbele ya Goodenough.

Na kuko delestaji. Risasi inataka saa nane au kumi kujaa vizuri, na ikibaki nusu-nusu kila siku inakufa polepole. LFP inajaa haraka kama chaja ina nguvu, na kubaki nusu haiiumizi. Pa muji ambapo umeme unakuja saa tatu na kuondoka, hilo si jambo dogo.

Chaguo la tatu ni seli za okazyo. Kuko batri za Nissan Leaf za zamani, zenye manganizi kwa wingi. Zilitengenezwa bila mfumo wa kuzipoza, na joto linazizeesha, kwa hiyo pima nguvu iliyobaki mbele ya kutoa pesa, usipime umri. Kuko pia seli ndogo za kompyuta za mkononi, nyingi zina kobalti. Njo pale kobalti ya Likasi ingeweza kurudi nyumbani kwa bei ndogo! Lakini seli hizo ukizifunga mia na mia bila kupima kila moja, moja mbovu inaweza kuwasha zote. Kwa mtu anayejifunza mu lupango yenye watoto, ninasema hapana.

LFP yenyewe inataka adabu. Weka kile kifaa cha kusimamia seli, BMS, kisikose hata siku moja: kinakataza seli kupita volti 3.65 wakati wa kujaza na kushuka chini ya 2.5 wakati wa kutumia. Weka fuse karibu na batri. Funga sanduku la chuma, lishikwe na bodi, si na kamba. Nunua seli za kundi moja, uzipime volti siku zinafika.

Na kama pesa imekataa kabisa na unaanza na risasi, sawa, anza. Lakini batri ikifa usiivunje nyumbani ili uuze madini yake. Mombasa, pale Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha batri za zamani kilisambaza sumu ya risasi mu kijiji. Mama mumoja aliyekuwa ametumika mu kiwanda hicho, Phyllis Omido, alisimama na majirani yake baada ya mwanawe kugonjwa, na mu 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Pesa ile haiondoi sumu mu damu ya mtoto.

6. SASA SISI TUSEME NINI

Kuko mtu atasoma hapa na kusema: kumbe kobalti yetu haina maana. Sikusema hivyo. Batri za nikeli zenye kobalti zitaendelea, kwa motoka za masafa marefu, na simu zitaendelea. Ninasema paka hivi: dunia haikupenda jiwe letu, ilipenda kazi jiwe linafanya. Kazi ile ikipata mfanyaji mwingine wa bei ndogo, jiwe litarudi kuwa jiwe.

Tena mutazame vizuri ndani ya ile LFP ya kijana wetu. Kobalti hakuna, lakini kila seli ina karatasi nyembamba ya shaba inayokusanya umeme. Waya za mota ni shaba. Nyaya nene kutoka batri mpaka kontrola ni shaba. Motoka ya umeme inakula shaba mara tatu au nne kuliko ya esansi. Chuma hicho njo Shituru inasafisha tangu 1929. Kobalti ilikimbiwa mara mbili, shaba bado iko ndani. Lakini na shaba yenyewe inaondoka hapa ikiwa bamba, inarudi ikiwa waya wenye bei ya ngambo. Lithiamu nayo, tunayo Manono.

Majirani wamekwisha kuanza bila mawe. Mu 2011 wanafunzi na walimu wa Makerere walitembeza Kiira EV mu barabara za Kampala. Nairobi, kampuni ya Opibus, ambayo leo inaitwa Roam, ilianza kwa kuondoa injini za dizeli mu Land Cruiser na kuweka mota. Dar es Salaam, mu 2022, mchora katuni Masoud Kipanya alionyesha motoka yake ya umeme. Hakuna kati yao aliyengoja awe na mgodi. Walikuwa na karakana, na watu waliokubali kukosea na kuanza tena.

Kwetu kuko kitu kimeanza: kituo cha Afrika cha ubora wa batri, CAEB, kilichowekwa ku Chuo Kikuu cha Lubumbashi mu 2022. Na utafiti wa BloombergNEF wa 2021 ulisema kiwanda cha kutengeneza unga wa awali wa batri, tani 10,000 kwa mwaka, kingegharimu dola milioni 39 hapa Kongo, mara tatu chini ya Marekani. Unga ule ni wa batri za nikeli na kobalti. Kwa hiyo saa inakimbia: kila mwaka LFP inakula kipande kingine cha soko, na kiwanda kile kinapungukiwa na sababu.

Nimefikiria mara mingi kwamba tulifundishwa historia ya Katanga kama historia ya vilivyomo chini: shaba, uraniamu, kobalti. Kila kizazi kinasubiri jiwe lake. Bazazi wetu waliletwa mu kambi za Union Minière kwa ajili ya jiwe, waliondolewa kazi jiwe liliposhuka bei, na sisi tunasoma tukingoja kampuni mpya ije kuchimba jiwe jipya. Mu hiyo historia yote sisi ni mikono tu. Aliyechagua jiwe gani litumike alikuwa daima mtu mwingine, amekaa na kalamu na karatasi.

Mara hii kalamu iko mu lupango, pa Panda. Kijana yule anajua wati-saa ni nini, anajua seli inakufa namna gani, anajua kwa nini fosfati haiwaki. Siku atakuja mtu kumwambia kobalti ya kwetu ni dhahabu ya milele, hatacheka na hatapiga makofi, ataomba karatasi.

Motoka yake ikitembea siku moja kutoka Panda mpaka gare bila kelele, watu watauliza kuko kobalti ngapi ndani. Awaambie ukweli. Halafu awafungulie sanduku, awaonyeshe shaba.

Mwenye hesabu ingine, alete hesabu.